Tamko Kuhusu Misingi ya Shule Yetu na Watoto Inaowapokea

Sisi wazazi, walezi, walimu na wahitimu wa shule ya msingi ya Kanisa mkoani Tanga, tuliokutana katika Mkutano Mkuu wa umoja wetu kabla ya kufunguliwa kwa muhula mpya, tunatoa tamko hili kwa waumini wenzetu, kwa majirani zetu wa dini zote, kwa uongozi wa dayosisi, kwa mamlaka za elimu na kwa kila mzazi anayefikiria kumleta mwanawe kwetu.

Maswali yamekuwa mengi, tena yanatoka pande mbili zinazovutana. Wapo waumini wanaolalamika kwamba shule imepoteza Ukristo wake: majina ya Kiislamu yamejaa kwenye daftari la mahudhurio, kitimoto hakipikwi bwaloni, na sikukuu ya Idd ikipita watoto wote wanapikiwa pilau. Wapo pia wazazi Waislamu wanaotuuliza, wengine kwa kunong'ona pale getini, kama ni kweli kwamba mtoto akifika darasa la tano hubatizwa kimyakimya. Pande zote mbili zinastahili jibu moja lililoandikwa, ili asije mtu akaambiwa hili Jumapili na lile Ijumaa.

Lipo pia swali la tatu ambalo hakuna aliyetuuliza kutoka nje, nalo ndilo lililokula muda mrefu zaidi mkutanoni: ni watoto gani ambao hatuwapokei, au tunawapokea kisha tunawaondoa bila kelele?

Tulikotoka

Elimu ya Kanisa la Kianglikana katika pwani hii ilianza na watoto wasio na mtu. Askofu William Tozer na Dk. Edward Steere wa misheni ya UMCA walipofika Unguja mwaka 1864, wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliookolewa kutoka kwenye jahazi la watumwa. Aliyewakabidhi watoto hao kwa askofu wa Kikristo alikuwa Sultani Majid, mtawala Muislamu. Baadaye wavulana wakawa wanasoma Kiungani na wasichana Mbweni: Wayao, Wanyasa, Wamakua, na wengine waliochukuliwa kwao wakiwa wadogo mno kiasi cha kusahau lugha ya mama. Mwaka 1868 misheni ikafika Magila, Muheza, na kutoka hapo shule zikaenea Bonde nzima. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na Kanisa Kuu likajengwa papo hapo lilipokuwa soko.

Wanaosema kwamba kumpokea mtoto wa dini nyingine ni mtindo mpya ulioletwa na watu wa mashirika, wanasahau mambo haya. Wanamsahau pia Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni mwaka 1891 na kusomea Kiungani. Mwaka 1922, hapa hapa Tanga, aliongoza kuanzishwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali, chama kilichowaweka Waislamu na Wakristo kwenye meza moja miaka 39 kabla ya uhuru. Hayo ni matunda ya shule ya misheni, na ni matunda tunayoyatamani bado.

Historia hiyo ina upande wake mwingine pia. Katika shule nyingi za misheni enzi za ukoloni, mtoto Muislamu alijua kwamba njia ya kuendelea na masomo ilipita kwenye kisima cha ubatizo na jina jipya. Wazee wengi wa pwani waliamua kuwaficha watoto wao nyumbani na kwenye madrasa kuliko kuwatoa kwa mapadre, na pengo la elimu lililotokana na uamuzi huo lilidumu vizazi kadhaa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipoipa Serikali mamlaka juu ya shule za mashirika ya dini, ili kila mtoto wa Tanzania apate nafasi bila kuulizwa anasali wapi, wapo wazee wa Kanisa walioona uchungu wa kunyang'anywa. Sisi tunasema Serikali ilikuwa na hoja. Shule za misheni zilikuwa zimejengwa kwa nguvu za wanavijiji, nao wanavijiji walikuwa wa dini zote.

Makanisa yaliporuhusiwa tena kufungua shule za msingi katika miaka ya 1990, yalirudi katika mazingira tofauti kabisa. Mara hii shule zilikuja na ada, mabasi ya njano na Kiingereza. Shule yetu ni ya kipindi hiki cha pili. Kwa hiyo tukisema urithi wa Kiungani, tunapaswa kukumbuka kwamba Kiungani haikuwa na mhasibu wa ada.

Ukristo wa shule hii

Shule hii ni ya Kikristo, na hatulisemi hilo kwa sauti ya chini. Siku huanza kwa sala mstarini. Jumatano kuna ibada, na kasisi huja. Msalaba uko ukutani katika kila darasa na utaendelea kuwapo. Wala hatukumbuki mzazi yeyote Muislamu aliyewahi kutuomba tuuondoe. Walioleta hoja ya kuuondoa, ajabu ni kwamba walikuwa Wakristo waliodhani wanawasaidia wenzao.

Ukristo wa shule, hata hivyo, hauwezi kuishia ukutani. Katika Injili ya Marko, sura ya 10, wapo watu waliojaribu kuwazuia watoto wasimkaribie Yesu, na waliokemewa siku hiyo ni wanafunzi wake mwenyewe, watu wa ndani kabisa. Mfano wa Msamaria Mwema kila mtoto wetu anaujua kwa moyo kabla ya darasa la tatu: aliyemsaidia majeruhi hakuwa wa dini ya majeruhi, na waliopita kando walikuwa viongozi wa ibada. Mwalimu akiufundisha mfano huo saa mbili asubuhi, saa nne hawezi kumwambia mzazi kwamba mtoto wake hafanani na shule yetu. Hiyo ndiyo sababu tunasema mlango wazi unatoka ndani ya imani yetu. Hatuufungui kwa shingo upande, wala kwa sababu Waislamu ni wengi mkoani.

Maadili tunayoyafundisha yanaonekana kwenye mambo madogo. Zamu ya usafi ni ya wote. Mtoto wa daktari na mtoto wa mpishi wanashika fagio la chelewa lile lile na wanadeki choo kile kile. Wapo wazazi walioleta barua wakiomba watoto wao wasamehewe zamu ya choo kwa kuwa nyumbani wana dada wa kazi. Barua hizo zimejibiwa: zamu haibadilishwi. Fedha iliyookotwa uwanjani hupelekwa ofisini, hata ikiwa shilingi mia. Mwalimu akimkosea mtoto mbele ya darasa humwomba radhi mbele ya darasa hilo hilo. Hili la mwisho liliwapa shida baadhi ya walimu wakongwe, na tunawashukuru waliolikubali.

Watoto Waislamu na dini nyingine

Sensa ya nchi yetu haijauliza dini ya mtu tangu mwaka 1967. Fomu yetu ya kujiunga bado inauliza, na mkutano ulijadili kama swali hilo lifutwe. Tumeamua libaki, lakini likae ukurasa wa mwisho pamoja na maswali ya magonjwa na vyakula, kwa sababu kazi yake ni moja tu: kumwezesha mwalimu na mpishi kumtunza mtoto ipasavyo. Kamati inayopitisha majina ya watakaopokelewa haitaoneshwa ukurasa huo.

Bwaloni hapapikwi nyama ya nguruwe wala kitu chenye mafuta yake. Kuku na mbuzi wa shule huchinjwa na mzee Muislamu, kama familia nyingi za Kikristo za pwani zinavyofanya majumbani mwao pasipo sheria yoyote, kwa sababu hujui nani atapita na kukaribishwa. Mwanzoni mwa mwaka 2013 mgogoro wa kuchinja huko Geita uligharimu maisha ya mchungaji. Tunaukumbuka tunapoambiwa kwamba haya ni mambo ya jikoni yasiyostahili kuandikwa kwenye tamko.

Mwezi wa Ramadhani, watoto wanaofunga husamehewa mchakamchaka na michezo ya jua kali, na wakati wa chakula cha mchana hukaa maktaba na mwalimu wa zamu. Hakuna mtoto atakayelazimishwa kula, wala kutaniwa kwa kufunga, wala, upande wa pili, kusemwa na wenzake kwa kutofunga. Fedha ya chakula cha mchana kwa siku alizofunga itarudishwa kwa mzazi au kuingizwa kwenye ada ya muhula unaofuata. Mhasibu alitueleza ugumu wake kwa mahesabu. Mkutano ulimsikiliza, kisha ukapitisha.

Msichana anayevaa mtandio atavaa wa rangi ya sare, mweupe siku za kawaida na wa bluu siku ya michezo. Wenzetu wa Kenya waliburuzana mahakamani kwa miaka kadhaa kwa ajili ya hijabu katika shule moja ya sekondari ya Isiolo inayodhaminiwa na Kanisa la Methodisti: Mahakama ya Rufaa ikawapa wanafunzi haki mwaka 2016, Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo mwaka 2019. Wanasheria watalijadili hilo wanavyojua. Sisi hatuoni kwa nini kitambaa cha mtoto kisubiri jaji.

Sala ya asubuhi wote husimama kwa heshima. Asiyekuwa Mkristo halazimiki kuitamka wala kufumba macho, na Jumatano anayetaka kubaki darasani na kitabu atabaki, chini ya uangalizi wa mwalimu, bila kuulizwa kila wiki. Katika vipindi vya dini, watoto Waislamu watafundishwa na mwalimu wao, atakayeletwa kwa makubaliano na BAKWATA wilaya. Pendekezo hili lilipingwa vikali na wajumbe kadhaa walioona kwamba haiwezekani Kanisa limfungulie ustadhi darasa. Walioliunga mkono walijibu kwamba watoto hao hao wanakwenda madrasa jioni wakiwa wamechoka, na mtoto anayemcha Mungu vizuri kwa dini yake ana faida kwa darasa zima kuliko mtoto asiye na chochote. Lilipita kwa kura.

Na kuhusu ubatizo, tunasema ili lisirudiwe tena getini: hakuna mtoto wa mzazi asiye Mkristo atakayebatizwa wakati akiwa mwanafunzi wetu. Hata akiomba mwenyewe. Mtoto wa miaka kumi na moja hupenda anachokipenda mwalimu wake. Huo si uamuzi wa imani. Ibara ya 19 ya Katiba inaiweka dini kuwa jambo la hiari ya mtu, na hiari hiyo ataitumia akiwa mtu mzima, popote atakapokuwa. Mwalimu au mfanyakazi atakayemshawishi mtoto abadili dini atachukuliwa hatua za kinidhamu. Tunajua uamuzi huu utawaudhi baadhi ya waumini, na tumeupitisha tukijua.

Mtoto anayetugharimu

Hapa ndipo mkutano ulipobadilika. Mjumbe mmoja, mama mwenye watoto wawili hapa, alisimama akasema kwamba haya yote tuliyoyapitisha ni mazuri lakini ni mepesi. Mtoto Muislamu mwenye ada hamsumbui mtu. Anakuja na sare, analipa basi, anafaulu, anatuletea jina. Kumpokea huyo na kujisifu kwamba shule yetu haina ubaguzi ni kujisifu kwa bei nafuu. Tukakaa kimya kidogo, kisha tukakubali.

Mtoto anayepima shule ya Kikristo ni yule anayeigharimu: anayechelewa kusoma, asiyeona, asiyesikia, asiyetembea, na ambaye mzazi wake hana.

Tuanze na anayechelewa kusoma, kwa sababu ndiye anayeondolewa kwa upole kuliko wote. Kila anayeishi karibu na shule binafsi za msingi, za Kanisa na zisizo za Kanisa, anaujua utaratibu. Mtihani wa taifa wa darasa la nne unakaribia. Mtoto ana alama 28 katika Hisabati. Mzazi anaitwa ofisini, anakaribishwa soda, anaambiwa kwamba mtoto ni mzuri sana ila angefaidika na mazingira mengine, au arudie darasa la tatu. Barua ya uhamisho ipo tayari mezani, imekwisha kuchapwa. Hakuna aliyefukuzwa, kwa maneno. Miezi michache baadaye bango linapanda getini likisema wanafunzi wote wamepata A na B. Jambo hili lina jina mitaani: mchujo. Wizara imelikemea mara nyingi, na linaendelea kwa sababu wazazi ndio tunaolilipia. Tunapochagua shule kwa kusoma bango, tunaiambia shule ipunguze watoto.

Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila ile orodha ya shule bora tuliyoizoea. Tunaliunga mkono Baraza kwa uamuzi huo. Orodha ile ilimpa kila mwenye shule sababu ya kumtazama mtoto dhaifu kama doa.

Kwa hiyo tunatamka: katika shule hii hakuna mwanafunzi atakayehamishwa, kurudishwa darasa au kuzuiwa kufanya mtihani wa darasa la nne au wa kumaliza elimu ya msingi kwa sababu ya alama zake. Usaili wa darasa la kwanza utabaki kwa lengo la kujua mtoto aanzie wapi, hautamkataa mtu. Mtoto wa miaka sita hawezi kufeli kuingia shule ya Kanisa. Jumatatu na Alhamisi alasiri kutakuwa na saa moja ya KKK kwa wote ambao kusoma, kuandika na kuhesabu bado kunawapa tabu, bila malipo ya ziada, na walimu wa saa hizo watalipwa posho na shule. Na bango la getini tunalibadilisha. Halitaandikwa wastani. Litaandikwa idadi ya watoto walioanza darasa la kwanza na idadi ya hao hao waliomaliza nasi. Tunaamini mzazi mwenye busara atajifunza kulisoma.

Kwa watoto wenye ulemavu, Kanisa katika nchi hii lina historia ya kujivunia. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Waanglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ni kazi ya Kanisa Katoliki tangu mwaka 1963. Hapa mkoani kwetu Walutheri wana shule ya wasioona ya Irente, Lushoto. Wakati huo, kama si makanisa, watoto wale wangebaki vyumbani nyuma ya mapazia. Lakini shule zile zilikuwa chache na za mbali, na gharama yake ilikuwa mtoto kukua bila kwao. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma katika shule ya kawaida pamoja na wenzake, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Jibu la kwamba hatuna utaalamu, wampeleke Irente, halitatolewa tena na ofisi yetu kabla mtoto hajaonwa na mzazi hajasikilizwa.

Tumejifunza zaidi kutokana na ualbino, kwa kuwa tayari tunao watoto wenye hali hiyo. Mahitaji yao yanajulikana na mengi hayana gharama kubwa: kofia pana na shati la mikono mirefu kama sehemu ya sare, kiti cha mbele kisichotazamana na dirisha lenye mwanga mkali, karatasi ya mtihani yenye maandishi makubwa, muda wa nyongeza, na ruhusa ya kusogea hadi ubaoni bila kuomba. Mafuta ya kujikinga na jua yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, yatanunuliwa na shule na kukaa katika dawati la mwalimu wa darasa, na kila mtoto atakumbushwa kupaka kabla ya mapumziko ya saa nne. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotikisa Kanda ya Ziwa yaliwafanya watoto wengi wenye hali hiyo wakusanywe katika vituo kama Buhangija, Shinyanga. Walilindwa, lakini walikua mbali na mama zao. Sisi tunataka mtoto asome hapa na alale kwao. Basi la shule litamshusha mlangoni, si njia panda.

Majengo yetu bado yana vizingiti na milango myembamba. Kabla ya mwisho wa mwaka huu wa masomo tutakuwa na choo kimoja cha wavulana na kimoja cha wasichana chenye mlango mpana na vishikio ukutani, pamoja na njia ya mteremko hadi madarasa ya chini. Darasa lolote lenye mtoto asiyeweza kupanda ngazi litahamishiwa chini, hata likiwa la saba lililozoea kukaa juu. Walimu wawili watapelekwa kusomea elimu maalumu katika Chuo cha Ualimu Patandi, na kuanzia sasa sala ya asubuhi ya Jumatano itaambatana na Lugha ya Alama, ili watoto wote waanze kuijua.

Kuhusu ada, hatutadanganya. Shule za Serikali hazitozi ada, sisi tunatoza, na ada ndiyo ubaguzi wa kwanza kabisa anaoukuta mzazi anapofika getini. Bila hiyo walimu hawalipwi. Tumekubaliana kwamba kila mkondo wa darasa la kwanza utakuwa na nafasi tatu za watoto wasiolipa ada, wakiwamo wa watumishi wa ngazi ya chini wa shule yenyewe. Mpishi anayewapikia watoto wa wenzake kwa miaka mingi wakati wa kwake hana nafasi hapa, huyo ni aibu yetu. Majina ya wanaosaidiwa yatajulikana kwa mwalimu mkuu, mhasibu na mlezi wa kiroho tu. Hawatasimamishwa mstarini kushukuru wafadhili, na hakuna mtoto yeyote atakayerudishwa nyumbani akatangaze deni la baba yake kwa kubeba barua mkononi. Deni litazungumzwa kati ya watu wazima.

Kibao na kiboko

Zipo shule za mchepuo wa Kiingereza zinazomvalisha mtoto kibao shingoni akikamatwa anaongea Kiswahili. Kwetu ni marufuku. Misheni iliyotuzaa ilijenga jina lake kwa Kiswahili. Steere alikitungia vitabu na kukitafsiria Maandiko. Kiingereza kitafundishwa kwa bidii, na uwanjani mtoto ataongea anachotaka, hata Kibondei na bibi yake anapokuja kumchukua.

Kanuni za Serikali za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na viandikwe kwenye daftari. Sisi hatutavitumia hata hivyo vinne. Wazazi wanaotuambia tuwachape kwa niaba yao, tunawaomba wakae na watoto wao.

Tunaowaomba

Tunaiomba dayosisi iruhusu sehemu ya mapato ya shule ibaki hapa kugharimia nafasi zisizo na ada, na isiipime shule kwa idadi ya waliobatizwa wala kwa idadi ya A. Tunaiomba Serikali itupangie, kwa utaratibu wowote wa ubia uliopo, mwalimu wa elimu maalumu angalau mmoja, kwa kuwa mtoto asiyeona ni wa taifa hata akisoma shule ya Kanisa. Wazazi Wakristo wanaoona kwamba watoto wao watachelewa kwa kukaa dawati moja na anayesoma polepole, tunawaomba waje darasani waone kabla ya kuamua kuhama. Wazazi Waislamu tunawaomba wagombee nafasi kwenye kamati ya shule. Nafasi mbili ziko wazi, na uchaguzi ni katika mkutano wa wazazi wa mwezi wa kwanza wa muhula.

Fomu za kujiunga zinatolewa bure ofisini kila siku ya kazi. Nakala ya tamko hili imebandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na geti, na nyingine imepelekwa msikitini na kanisani. Mzazi atakayeona jambo lolote shuleni linalokwenda kinyume na tuliyoyaandika hapa alilete kwa Katibu, kwa maandishi au kwa mdomo, naye atajibiwa ndani ya siku 14.

Imetolewa na Kamati Tendaji kwa niaba ya Mkutano Mkuu, Tanga.